Mnadi wa Baada ya Ibada

Kumuuzia mtu yai moja kwa bei ya kuku, naye akarudi kwenye benchi akicheka, si kazi ya kubahatisha. Nimehubiri miaka mingi katika makanisa ya Munkunyu na vilima vyake, wilayani Kasese, Uganda, na si mara moja nimeshuka mimbarini nikijua kabisa kwamba mahubiri yamelala. Halafu nakaa chini ya mwembe, namtazama mzee wetu mmoja akiwaamsha watu walewale kwa fungu la mihogo. Wivu upo kidogo, sikatai. Heshima ni kubwa zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike.

Sadaka ya huku si fedha tu. Mkulima wa pamba wa tambarare, upande wa Nyakatonzi, hushika noti mara moja kwa msimu. Wa kahawa kule juu, Kyarumba na Kyondo, naye vivyo hivyo. Katikati ya misimu nyumba ina chakula, kama tembo wa mbugani hawajakiwahi, lakini mfuko ni mtupu. Basi Jumapili watu wanakuja na walichojaliwa: maharage kwenye kikombe cha plastiki, mkungu wa ndizi, miwa miwili, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, mayai ndani ya kofia ya mtoto. Vyote hupangwa mbele ya meza ya Bwana, vinaombewa, na baraka ikishatolewa vinahamishiwa nje kwa mnada.

Wapo wachungaji wenzangu wasioupenda. Wananikumbusha kwamba Yesu alipindua meza za wavunja fedha. Mimi nawarudisha kwenye Torati. Walawi 27 inasema anayetaka kukomboa zaka ya mazao aongeze sehemu ya tano juu ya thamani yake. Yaani kulipa zaidi ya bei ya soko kwa kitu kilichotolewa kwa Mungu ni jambo la zamani, lenye sheria yake. Kumbukumbu la Torati 14 nayo inamruhusu anayekaa mbali auze mazao, aende na fedha. Tena meza zile zilikuwa ndani ya ua wa hekalu, na sisi tunauza nje, wala muuzaji haondoki na senti. Hata hivyo hoja yao moja naikubali: mnada mbaya unachosha. Ukifika saa tisa alasiri na watoto wanalia njaa, hapo hata mimi ningeipindua meza.

Desturi yenyewe ina mizizi mirefu. Henry Venn, katibu wa shirika la misheni la CMS kuanzia 1841 hadi 1872, alisisitiza kwamba kanisa la wenyeji lijitegemee, na Askofu Alfred Tucker aliishika kanuni hiyo Uganda. Maana yake kijijini ilikuwa rahisi: mwalimu wa dini atalishwa na wanaomsikiliza. Apolo Kivebulaya alifika Toro mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka kuelekea Mboga, ng'ambo ya milima yetu, bila mshahara wa kutoka London. Dayosisi yetu ya South Rwenzori ilizaliwa 1984, na hadi leo mwinjilisti wa kanisa dogo la mlimani anaishi kwa jembe lake na kwa kile kinachonadiwa chini ya mti. Kwa hiyo mnadi akikosea kazi, kuna nyumba itakayopika maji.

Mnadi wetu ujana wake ulipitia kwenye mizani ya pamba. Alipima magunia hadi mkono ukajua uzito bila kuuliza, na mpaka sasa akinyanyua mkungu utamwona anatulia kidogo kabla ya kutaja bei ya kuanzia. Wimbo wa mwisho ukianza, hutoka nje na kulizunguka rundo mara moja, mikono nyuma. Zamani nilidhani anakagua. Siku hizi najua anapanga.

Haanzi na mbuzi. Mnadi mchanga huanza na mbuzi kwa sababu ndiye mkubwa: watu watatu wenye nazo wanashindana, wengine wote wanageuka watazamaji, na mbuzi akishapata mwenyewe umati unaanza kukusanya mikeka. Mzee huanza na yai. Yai kila mtu analiweza. Anaitaja shilingi 500, na bibi wa benchi la nyuma ambaye hajawahi kununua kitu hadharani anainua mkono. Ameshaingia. Akishindwa kwenye yai atabaki kungoja miwa, na mbuzi akija bado yupo, hata kama ni kwa kupiga makofi tu. Mbuzi huja karibu na mwisho, lakini si wa mwisho kabisa. Baada yake kuna vitu vidogo viwili vitatu vilivyofichwa nyuma ya beseni, na hivyo ndivyo vinavyouzwa kwa bei ya ajabu, kwa kuwa aliyemkosa mbuzi ana noti mkononi na hataki kurudi nazo nyumbani.

Akimshika kuku hamning'inizi kichwa chini. Humpakata ubavuni, kiganja kimoja chini ya kifua, kuku akatulia. Kisha hujigeuza polepole ili kila upande umwone. Anamsifu, lakini hadanganyi. Kuku mzee hatamwita mtetea wa kutaga. Atasema: "Huyu ameona mengi. Supu yake ina historia." Watu wanacheka, bei inapanda kwa elfu mbili, na hakuna aliyepotoshwa. Hilo nimelichukua na kulipeleka mimbarini: kama marehemu alikuwa mlevi, sisimami kaburini kumfanya mtakatifu. Hutafutwa kitu cha kweli kinachoweza kusemwa, na karibu kila mara kipo.

Halafu kuna hila ya majina. Sisi Wakonzo hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, ndiyo maana kanisa moja linaweza kuwa na akina Bwambale kumi, na akina Masika na Biira wasiohesabika. Daftari langu la ubatizo linalijua tatizo hilo vizuri. Mzee analitumia. Anatazama juu ya vichwa vya watu na kusema, "Bwambale ameniambia kwa jicho kwamba mkungu huu hauondoki." Akina Bwambale wote wanatazamana. Mmoja anainua mkono ili asionekane mchoyo, wa pili anapandisha ili jina lisichafuke, na Baluku wa kando naye anaamua kwamba akina Bwambale wamezidi kujiona. Nilimuuliza kama huo si ujanja. Akanijibu kwamba hajawahi kusema ni Bwambale yupi. Sijapata jibu la kitheolojia.

Wanande wanaovuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Congo, kuja kusali na jamaa zao hawahitaji mkalimani, lugha zetu zinasikilizana. Kiswahili anakitunza kwa ajili ya askari na walimu waliohamishiwa huku kutoka mbali, na anakizungumza kwa amri fupifupi hadi askari mwenyewe anacheka na kutoa.

Lakini ninachokistahi kuliko vyote ni jicho lake. "Moja... mbili..." Ile mbili anaweza kuivuta hadi mtu aone haya kwa kunyamaza, na anaweza kuikata ghafla katikati. Siku moja nilimwona akimkatia mnunuzi bei mapema mno, mtu ambaye alikuwa bado anapanda kwa furaha. Nikamuuliza baadaye kwa nini aliacha fedha mezani. "Hukumwona mkewe?" akasema. Mke alikuwa upande wa pili, ameacha kucheka tangu elfu kumi na tano. Ada ya shule ilikuwa inauzwa pale, na mzee aliiona kabla ya mwenye ada.

Na vile vikombe vya maharage. Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina akamwona mjane na senti zake; mnadi naye ameona nani ameleta nini, maana alikuwa mlangoni. Mnadi asiye na utu angemtaja jina mjane ili watu walie watoe. Mzee hamtaji. Kikombe anakitoa mara tu baada ya kitu kilichochekesha, mifuko ikiwa bado wazi, na anakiuza kama vile kimeshuka kutoka mbinguni bila mwenyewe. Mnunuzi mara nyingi hukirudisha kiuzwe tena, na tena. Maharage ya kujaza sufuria moja ndogo yanalipa bati. Kwenye benchi la wanawake kuna mmoja anayejua yalikotoka, na yeye hutazama viatu vyake.

Wakati wa kampeni kazi inaharibika. Mgombea anafika na gari refu, ananunua nanasi kwa laki mbili, anataka kipaza sauti. Mzee anapokea fedha, anashukuru kwa sentensi moja, anampa nanasi mikono yote miwili ili mikono ijae, na kipaza sauti kinabaki kwapani mwake. Yupo mheshimiwa mmoja aliyeahidi mabati mbele ya kanisa zima kisha hakuonekana tena. Tangu hapo ahadi zinaandikwa kwenye daftari, tarehe na sahihi, hata za waheshimiwa. Za wanyonge nazo zinaandikwa, ila hizo hazisomwi kwa sauti. Mwenye deni hutembelewa siku ya Alhamisi jioni, na mzee huanza kwa kuuliza habari za ng'ombe.

Msiba ukiwa mkubwa hafanyi mzaha kabisa. Baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, watoto wa Lhubiriha kule Mpondwe walipouawa shuleni, wilaya yetu nzima ilikuwa na jambo moja tu mdomoni. Wakati wa namna hiyo anataja kitu, anataja bei ya sokoni, anayekihitaji anainua mkono, basi. Chakula kingine hakiuzwi. Kinapakiwa kwenye bodaboda kuelekea kwa wafiwa, bundu, yaani ugali wetu wa muhogo, na samaki na majani ya mihogo. Mnadi anayejua kuchekesha tu angeshindwa siku hizo.

Sasa magoti yanamsumbua, na ameanza kumfundisha binti mmoja wa kwaya. Amempa mayai kwa miezi kadhaa, mayai peke yake. Jumapili iliyopita alimwongezea mihogo. Binti aliiuza haraka, kwa bei nzuri, na alipogeuka kutafuta sifa, mzee alikuwa akimwonyesha kwa kidevu kijana aliyesimama karibu na ukuta, mkono nusu juu, ambaye hakuonwa. "Yule alikuwa na elfu moja," akamwambia. "Mwite kwenye miwa."