Honda na Dubwana Lake

Ukitaja jina Honda, vijana wengi tutafikiria pikipiki. Honda wangu wa leo ni Ishiro Honda, mwongozaji wa sinema wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki Februari 1993. Ndiye aliyeongoza sinema ya kwanza ya Gojira, lile dubwana linalotoka baharini na kukanyaga majumba ya Tokyo. Najua, ndugu msomaji, umeshaanza kucheka. Mtu kavaa gamba la mpira anabomoa vijumba vya mfano, sasa hapo kuna fasihi gani?

Nami nilicheka, kwa sababu nilianza na zile za baadaye. Nilipoitazama ile ya kwanza, ya Novemba 1954, kicheko kiliisha.

Tarehe 1 Machi mwaka huohuo Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Majivu ya sumu yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kazini na chombo chao, na mmoja wao akafa Septemba. Sasa tazama Honda anavyoanza: mwanga mkali baharini, kisha meli inateketea. Mjapani wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa. Honda mwenyewe alikuwa askari huko China, akawa mateka, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima.

Kuna pahala Tokyo inawaka, na mama amejikunyata na watoto wake akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Baadaye tunaingia hospitali. Majeruhi wamejaa, daktari anamsogezea mtoto chombo cha kupimia mionzi, halafu anatikisa kichwa. Dubwana halipo kabisa hapo, lakini mimi ndipo nilipoliogopa.

Sasa tuseme ukweli, maana uhakiki si kusifia tu. Kampuni ya Toho iliona biashara, na Honda akaendelea kutengeneza madubwana. Mwaka 1962 akampambanisha Gojira na King Kong. Mwaka 1965 Gojira akashinda pambano kwenye sayari nyingine, akarukaruka kwa furaha kama mchezaji aliyefunga goli. Jamani! Yule aliyeua watu Tokyo!

Wapo wanaosema aina yenyewe ya hadithi ndiyo ya kitoto. Hapo nakataa. Mwaka 1963 Honda huyohuyo alitoa Matango, kuhusu watu waliokwama kisiwani, njaa inawauma, na uyoga uliopo unamgeuza mlaji awe uyoga. Urafiki wao unavunjika kabla miili yao haijageuka. Ni uzushi mtupu, na bado inatisha, kwa sababu tunamwona mtu akipotea. Kilichoziharibu zile nyingine ni kwamba majumba yanaanguka na hatuoni aliyekuwa ndani.

Sinema yake ya mwisho kama mwongozaji ilitoka mwaka 1975. Baada ya hapo, akiwa anakaribia miaka 70, alirudi kumsaidia rafiki yake wa ujanani, Akira Kurosawa, kuanzia Kagemusha ya mwaka 1980 hadi Madadayo ya mwaka 1993. Mtu aliyeongoza sinema zilizotazamwa dunia nzima akakubali kuwa msaidizi. Wengine wataona ni kushuka cheo. Mimi namwona mtu aliyeipenda kazi kuliko jina lake, na sina hakika kama mimi ningeweza.

Kwa nini nimeandika haya? Nina mswada wa riwaya, na ndani yake kuna zimwi. Mhariri mmoja aliusoma akaniambia nilitoe hilo zimwi, niandike maisha halisi. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikawa karibu kulifuta. Honda amenifanya nilibakize, lakini amenipa na swali ambalo mhariri hakuniuliza: nani anaumia? Juzi nimepitia kurasa zote 80 nikimtafuta. Zimwi langu limebomoa kijiji kizima, na hakuna hata mama mmoja niliyempa jina. Basi mhariri hakukosea sana. Naanza upya na huyo mama.