Mabano ya Carrington

Taarifa fupi ya mwanaastronomia Richard Carrington kuhusu mwanga aliouona juani tarehe 1 Septemba 1859 husifiwa kwa habari iliyobeba. Mimi naisifu zaidi kwa jinsi ilivyopangwa.

Carrington yuko Redhill, Uingereza, akirekodi madoa ya jua kutoka kwenye taswira ambayo darubini yake imeitupa juu ya kioo kilichopakwa rangi. Saa 5:18 asubuhi mabaka mawili ya mwanga mweupe mkali yanachomoza. Msimulizi hashangilii. Kwanza anashuku kifaa chake: huenda mwale umepenya kwenye tundu. Anahakikisha, kisha anakimbia kutafuta shahidi. Kabla dakika haijaisha amerudi, mwanga umeshafifia mno, naye anakiri kuwa alisononeka. Maneno ya moyo ni machache hivyo, yamezungukwa na saa, vipimo na mchoro wenye herufi A, B, C na D, na uchache huo ndio unaoyafanya yachome. Saa 5:23 hakuna kilichobaki.

Lakini uzito wote umewekwa kwenye mabano, mwishoni. Humo tunaambiwa, kwa nafsi ya tatu, kuwa sumaku za kituo cha uchunguzi cha Kew zilitikisika kwa kiasi lakini waziwazi kama saa 5:20 asubuhi ileile, na kwamba alfajiri iliyofuata, kwenye saa 10, ilianza dhoruba kuu ya sumaku. Carrington anakataa kuharakisha kuliunganisha jua na hayo. Anayeuita huo woga hajayasoma mabano vizuri. Yanatenga matukio mawili, kila moja na saa yake, na utengano huo ni sahihi kabisa. Mtikisiko wa kwanza ulitokana na eksirei na miale ya urujuanimno iliyofika kwa dakika 8 hivi, ikaongeza chembe zenye chaji katika ionosfea, tabaka la juu la angahewa, mikondo ya umeme ya huko juu ikapata nguvu na kuzivuta sumaku za Kew. Wa pili uliletwa na wingu la gesi yenye chaji lililosafiri takriban saa 17, likaugonga uga wa sumaku wa Dunia. Ndilo lililotia umeme kwenye nyaya za telegrafu hata ujumbe ukapita kati ya Boston na Portland, Marekani, bila betri.

Kuwapo kwa ionosfea kulithibitishwa na Edward Appleton mwaka 1924, miaka 65 baada ya mabano hayo kuandika mtikisiko wake.