Mvua Juu ya Theluji: Jinsi Mlima Ulivyozizoa Treni za Wellington

Usiku wa kuamkia Machi 1, 1910, treni mbili za kampuni ya Great Northern zilikuwa zimekwama kwenye stesheni ndogo ya Wellington, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Moja ilibeba abiria wa kutoka Spokane kwenda Seattle, nyingine barua. Theluji ilikuwa imeanguka kwa siku nyingi mfululizo na kuziba reli mbele na nyuma. Kisha baridi ikalegea, ikaja mvua yenye radi. Baada ya saa saba usiku pande kubwa la theluji likameguka mlimani, likazisukumia treni zote mbili bondeni, kwenye mto Tye. Watu 96 walikufa.

Kwa nini mvua, na si ile theluji ya siku zote zilizotangulia? Theluji hukaa mlimani kwa sababu chembe zake zimegandiana. Mvua huiongezea uzito na kuilegeza kwa wakati mmoja, kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Uzito si wa kudharau: kila milimita ya mvua ni kilo moja kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 30 juu ya hekta moja ni tani 300. Wakati huohuo maji yanapenya ndani na kuyeyusha viungo kati ya chembe. Yakikuta tabaka gumu la barafu huko chini, hutandaa juu yake, na theluji ya juu hukosa pa kujishikiza. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo mibaya zaidi. Iliyo mikali kuliko hapo mara nyingi humwaga theluji yake kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kwa kawaida baridi ya usiku hugandisha upya kilicholegea mchana. Usiku ule haikuwapo.

Na miti ya kuizuia theluji? Moto ulikuwa umeteketeza msitu wa mteremko ule. Hapa ndipo ninapoona kosa la hesabu. Waliosimamia njia walitegemea historia: mahali zilipoegeshwa treni hapakujulikana kuwa na maporomoko. Lakini historia hiyo ilikuwa ya mlima wenye miti. Baadhi ya abiria waliomba treni zirudishwe ndani ya handaki lililokuwa jirani. Wakakataliwa, kwa hofu ya moshi na baridi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana moshi wa makaa ndani ya handaki unaua. Ila ilipimwa dhidi ya hatari ya theluji kavu, na hali ya hewa ilipogeuka haikupimwa tena.

Wellington haikuwa peke yake. Siku tatu baadaye, huko Rogers Pass, Kanada, wafanyakazi wa reli waliokuwa wakifukua poromoko moja walifunikwa na jingine lililotoka upande wa pili wa bonde. Walikufa 62.

Mahakama ya Juu ya Washington iliihesabu ajali ya Wellington kuwa kudura ya Mungu. Sikubaliani nayo, na matendo ya kampuni yenyewe hayaungi mkono uamuzi huo: ilijenga mapaa ya zege juu ya reli, kisha ikachimba handaki jipya la takriban kilomita 12.5, chini zaidi mlimani, ikaiacha kabisa njia ya Wellington. Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1929, na treni zinalipita hadi leo.