Kuzimika na Kuzimwa: Istilahi za Hitilafu ya Injini Wakati wa Kupaa

Ndege ipatapo hitilafu mara baada ya kupaa, habari zake aghalabu hutufikia kwa sentensi fupi: "Injini ilizima." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo haifai kwa taarifa ya kitaalamu, kwa kuwa haielezi kama injini ilisimama yenyewe au ilisimamishwa na mtu. Twataka kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao.

Tuchukue ndege aina ya ATR 72, yenye injini mbili za rafadha, ambayo wasafiri wa Mtwara wameizoea. Kabla ya kuondoka, marubani hukokotoa kasi ya uamuzi. Hitilafu ya injini itokeapo kabla ya kasi hiyo, hukatiza kupaa na kufunga breki. Itokeapo baadaye, huendelea kupaa kwa injini moja, kwani njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Wako wafasiri waandikao hapa "kuahirisha kupaa". Kuahirisha ni kusogeza mbele jambo lisiloanza. Hili limekwisha kuanza, likakatizwa.

Ndege ikiwa hewani, kazi ya kwanza si kuzima chochote. Pua hupinda kuelekea upande uliopoteza nguvu, naye rubani huinyoosha kwa usukani, hutunza kasi na kuendelea kupanda. Wafikapo kimo cha salama ndipo marubani wote wawili huitambua injini yenye hitilafu, huthibitishana, kisha huizima.

Neno usukani nalo lahitaji uangalifu. Kwa nahodha wa jahazi wa Msimbati au mlangoni mwa Ruvuma, usukani ni ubao ulioko tezi, ugeuzwao kwa kana. Kwa mkazi wa mjini ni gurudumu la gari lishikwalo kwa mikono. Wa ndege umo mkiani kama wa jahazi, bali huongozwa kwa miguu. Twapendekeza "usukani wa mkiani", ili msomaji asidhani kwamba rubani hukata kona kama dereva.

Sasa turudi kwenye kuzima. Tarehe 4 Februari 2015 ndege ya ATR 72 ya shirika la TransAsia ilipaa kutoka Taipei, Taiwan. Punde baadaye mtambo wenye kasoro uligeuza mapanga ya rafadha ya kulia yakate upepo kwa ubapa wake mwembamba, na upande huo ukapoteza msukumo. Injini ya kushoto ilikuwa nzima. Rubani aliipunguza nguvu hiyo ya kushoto, kisha akaizima. Ndege iliangukia mto Keelung. Kati ya watu 58 waliokuwamo, 43 walikufa.

Mtu akiandika kwamba "injini zote mbili zilizimika", atakuwa amekosea mara mbili. Ya kulia haikuzimika, ilipoteza msukumo. Ya kushoto haikuzimika, ilizimwa. Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda, na pamoja naye huondoka funzo zima la ajali, yaani haja ya kuthibitishana kabla ya kugusa swichi.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu zisichanganywe: kupoteza msukumo, rafadha isiposukuma tena ndege ingawa injini yaweza kuwa ingali ikizunguka, kuzimika, injini isimamapo yenyewe, na kuzimwa, isimamishwapo na rubani. "Injini ilizima" na "injini ilikufa" yabaki katika mazungumzo. Lugha yetu imejaliwa viambishi vitenganishavyo mambo haya kwa silabi moja tu. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali aandikaye taarifa ya ajali hawana sababu ya kuviacha.