"Kujiendesha": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi walizozizoea wafasiri wa vitabu vya kompyuta siku hizi ni "kujiendesha". Huitumia pale ambapo kazi za kusimamia huduma za wingu huandikwa hatua kwa hatua katika programu, kisha programu hiyo ikazitekeleza moja baada ya nyingine: kuwasha seva mpya, kunakili data, kuwahamishia watumiaji huko, na hatimaye kuizima seva ya zamani. Kwa maoni yangu istilahi hii haifai, na sababu zangu ni za kisarufi kabla hazijawa za ufundi.

Neno lenyewe limekwisha kushikwa. Shirika la umma likisemwa kuwa linajiendesha, maana yake ni kwamba halitegemei ruzuku ya serikali. Hilo si zito. Maneno yenye maana mbili tunayo tele. Lililo zito ni kiambishi -ji-, ambacho humfanya mtenda awe ndiye mtendwa, kisiache nafasi ya mtendaji mwingine. Ukisema "seva zimejizima", hapana tena mahali pa kuuliza zimezimwa na nani.

Tarehe 28 Februari, 2017, mfanyakazi mmoja wa Amazon alikuwa akifuata mwongozo wa hatua uliokwisha kuwekwa, akishughulikia huduma ya kuhifadhi data katika eneo la Virginia ya Kaskazini, Marekani. Alikusudia kuondoa seva chache. Akaikosea amri, zikaondoka nyingi. Huduma ikavurugika kwa muda wa saa nne hivi. Baadaye kampuni ilieleza kwamba imekirekebisha chombo chenyewe ili kiondoe seva polepole zaidi, na kikatae kushuka chini ya kiwango cha lazima. Tazama basi: mtu aliandika mwongozo, mtu aliandika amri, mtu aliunda chombo kisicho na kizuizi. Ni kipi hapo kilichojiendesha?

Wako wapendeleao "uratibu". Hilo lina afadhali, kwa kuwa labeba dhana ya kazi nyingi zilizopangwa; ila mratibu tumjuaye maofisini hupima mambo (na huahirisha vikao), ilhali programu hizi hutenda kama zilivyoandikiwa. Jina la Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014 kwa kazi za jamii hii, latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Na chomboni mshika usukani si nahodha. "Otomatiki" nayo yatosha kwa tendo moja, kama mlango ufungukao mtu akisogea. Haigusi mfuatano, wala haidokezi kwamba hatua ya tatu ikishindikana lazima iwe imeamuliwa mapema: kusimama, kurudi nyuma, au kuendelea.

Napendekeza "uendeshwaji wa mfuatano". Ni refu, nakiri, na mafundi watalikata. Hata wakilikata, na waibakize kauli ya kutendwa, kwani hiyo huruhusu kiunganishi "na": umeendeshwa na nani, na kwa mwongozo upi.