Jicho la Fundi wa Presha

Maduka ya mashine ya Kariakoo yanakupokea kwa rangi. Nyekundu, njano, bluu, zimepangwa kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, na kila mashine imebandikwa karatasi yenye namba kubwa ya presha: baa 110, baa 150, baa 200. Kijana aliyejinyima mwaka mzima ili afungue sehemu ya kuoshea magari husoma namba hiyo kwanza, na mara nyingi haendelei zaidi ya hapo. Fundi aliyezizoea mashine hizi haanzii kwenye karatasi. Hupiga goti, akatafuta kibati kilichogongwa ubavuni mwa pampu, kisha akauliza: hii inatoa lita ngapi kwa dakika?

Swali hilo limebeba elimu kubwa. Presha hubandua tope, lakini maji ndiyo yanayoliondoa. Tope la chini ya daladala iliyotoka Mbagala siku ya mvua likibanduliwa na uzi mwembamba wa maji, hutapakaa pembeni na kuganda upya. Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha baa kwa lita za dakika moja, gawanya kwa 600, unapata kilowati zinazofika kwenye maji. Mashine ndogo ya umeme yenye baa 110 na lita 6 inakupa kilowati 1.1. Pampu ya mkanda inayosukuma lita 20 kwa baa 35 tu inakupa karibu 1.2. Nguvu ni zilezile, ila ya kwanza inachoma na ya pili inasomba. Anayetaka kuosha pikipiki na gari dogo moja moja, ya kwanza itamfaa. Anayetegemea bajaji, daladala na malori ya mchanga, achukue ya pili bila kusitasita.

Pampu hiyo ya mkanda ni ile yenye pistoni tatu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kunyunyizia dawa mashambani, na leo inaosha magari kwenye viwanja vingi vya mitaani kwetu. Naipenda kwa sababu haifichi kitu. Juu yake kuna kuba la chuma linalohifadhi hewa ili maji yatoke kwa mtiririko mmoja, yasidunde. Kuna vikombe vitatu vya grisi, kimoja kwa kila pistoni, ambavyo muoshaji huvizungusha kidogo kila baada ya saa chache za kazi. Kuna mpira wa kuvuta maji, mpira wa kurudisha yaliyozidi kwenye pipa, na midomo miwili ya kutolea maji yenye koki, hivyo vijana wawili wanaweza kuosha magari mawili kwa pampu moja, mradi lita zinatosha. Kwa mwenye mtaji mdogo, hilo la mwisho ni kama kupewa mashine ya pili.

Lakini utamu wake mkubwa uko kwenye mkanda. Mashine iliyoungwa moja kwa moja na mota yake ikiungua mota, umebaki na boksi. Pampu ya mkanda inanunuliwa peke yake, mota peke yake, na kila kimoja kinaweza kubadilishwa bila kukigusa kingine. Hapa ndipo fundi anapoonyesha ustadi wake. Pampu inataka kuzunguka kati ya mara 800 na 1,000 kwa dakika, wakati mota ya kawaida ya umeme inazunguka kama mara 1,440. Fundi anafunga puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye pampu, na mzunguko unashuka hadi 960. Umeme ukikatika, anaihamishia pampu ileile kwenye injini ya petroli. Injini hiyo inakimbilia mara 3,600, kwa hiyo puli inabadilika: inchi 3 kwa inchi 12, na pampu inazunguka mara 900. Nimewaona mafundi wakipiga hesabu hii kichwani huku mkono mmoja ukipima mkanda kwa kidole gumba, na hawakosei. Mkanda wakiubonyeza katikati, unapaswa kulegea kiasi kidogo tu. Ukikaza mno unakula beringi. Ukilegea unateleza, unapata moto na kukatika mchana wateja wakiwa wamejaa.

Kwenye mota, fundi huangalia uzito kabla ya kusoma chochote. Mota nyepesi inayolia kwa sauti kali ni ya brashi, inafaa nyumbani kwa nusu saa. Ile nzito yenye mngurumo wa chini, ambayo kuinyanyua kunahitaji kujipanga, ndiyo inayoweza kufanya kazi kutwa. Kwenye injini ya petroli huangalia oili. Injini ndogo za umbo la Honda GX160, pamoja na nakala zake nyingi za Kichina, hazina pampu ya oili: zinajirushia oili zenyewe kwa kijiko kilicho ndani, na oili yote ni kama lita 0.6. Ukiiweka injini kwenye mteremko, kijiko hakiifikii oili. Ndiyo maana fundi mzuri hukataa kuondoka kabla hajakuona umemwaga zege la sakafu lililo sawa.

Mtumba nao ana namna yake ya kuukagua, na hapa ndipo subira yake inanivutia kuliko mahali pengine popote. Haiwashi mashine. Anatoa mkanda, anashika puli ya pampu kwa viganja viwili na kuizungusha polepole, uso umeelekea pembeni, akihisi pistoni zikipita moja baada ya nyingine. Tatu zikipita kwa uzito sawa, anatikisa kichwa kukubali. Moja ikipita kirahisi kuliko wenzake, hiyo vali yake haifungi au sili zake zimekwisha. Kisha anaweka kidole kwenye mdomo wa kuvutia maji na kuzungusha tena, akisikiliza ngozi inavyonyonywa. Mwishowe anachomoa kifuniko cha oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye krenki, na anamwambia mwenye pesa, "Mdogo wangu, tuage hapa." Muuzaji atapunguza bei mara mbili, mara tatu. Fundi ameshafika mlangoni.

Kwa pampu mpya anashauri fedha itumike upande wa maji. Mpira wa kuvuta uwe mnene na mgumu, kwa sababu mwembamba unasinyaa, pampu inakosa maji ya kutosha, na mapovu yanayozuka na kupasuka yanachimba vali na sili kutoka ndani. Chujio liwepo mwishoni mwa mpira huo hata kama maji yanaonekana safi, maana punje ya mchanga inatosha kuchora pistoni. Simtanki inuliwe juu kidogo ya pampu ili maji yaje yenyewe. Na kwa wanaotumia visima vya chumvi vya Dar es Salaam, jioni pampu ipitishwe maji baridi ya bomba kwa dakika chache kabla ya kuzimwa.

Nozeli ni kitu kidogo ambacho wengi hununua bila kutazama. Ile nyekundu inatoa sindano moja ya nyuzi 0, na kwenye mashine ya presha kubwa inaweza kutoboa tairi au kung'oa rangi. Ya njano ni nyuzi 15, ya kijani 25, nyeupe 40. Kwa bodi ya gari tumia ya kijani au nyeupe; ya njano ibaki kwa zege na chini ya lori. Tundu la nozeli likipanuka kwa kutumika, presha inashuka taratibu, na wenye haraka huanza kuilaumu pampu. Nozeli mpya ndiyo spea ya kwanza kujaribu.

Kwa mtaji mdogo, basi, nunua pampu nzuri kuliko mota, mota nzuri kuliko fremu, na rangi usiilipie hata shilingi. Bakiza fedha ya mikanda miwili, seti moja ya sili, oili na grisi kabla hujafikiria bango la biashara. Na siku ya kwenda dukani, nenda na fundi, ndoo ya lita 20 na saa. Omba mashine iwashwe, elekeza maji ndani ya ndoo, hesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa dakika moja, umepata lita 20 zako. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, mshukuru, vuka barabara, ingia duka linalofuata.