Zahanati inapojibu "nimepokea": undani wa ILSGateway

Shehena ya dawa ikitoka bohari ya kanda ya MSD (Bohari ya Dawa) jijini Mwanza kwenda kisiwa cha Ukara, huvuka ziwa hadi Nansio, Ukerewe, hushushwa, hupita barabara mpaka Bugolora, kisha hupanda kivuko kingine. Taarifa za stoo nazo zina safari yao ya kurudi, na kwa miaka mingi ilikuwa safari ya karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi wa USAID DELIVER uliosimamiwa na kampuni ya JSI, pamoja na kampuni ya Dimagi ya Marekani, ulileta ILSGateway: mfumo wa meseji za kawaida kati ya vituo vya afya vya Tanzania na wasimamizi wa dawa. Ulijengwa juu ya RapidSMS, programu huria iliyoanzia UNICEF na kuandikwa kwa Python.

Wazo la meseji halikuwa geni. SMS for Life ilijaribiwa Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini kuanzia 2009, na ndani ya wiki 21 vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Tofauti ni kwamba msimbo wa ILSGateway uliachwa wazi, na ukiusoma unaona maamuzi madogo ambayo mifumo mingi ya gharama kubwa huyakosa.

Mhudumu alituma neno "hmk", kisha kifupi cha kila bidhaa na idadi iliyopo. Mfano uliomo ndani ya programu yenyewe ni "Hmk Id 400 Dp 569 Ip 678". Hapo hakuulizwa ametoa ngapi wala ameongezewa ngapi. Aliulizwa zilizopo rafuni. Hilo linasaidia, kwa sababu mtandao wa simu hauahidi kwamba ujumbe utafika mara moja tu. Simu isipopata jibu la mtandao hutuma tena, na mhudumu akiona kimya naye hutuma kwa mkono wake. Kama ujumbe ungesema "nimetoa 40", nakala mbili zingepunguza 80. Ukisema "zipo 400", hata nakala kumi zitaacha 400 ileile. Mafundi wa benki huandika msimbo mwingi kuzuia nakala za aina hii. Hapa kazi yote imemalizwa na namna swali lilivyoulizwa.

Uamuzi wa pili naupenda zaidi. Kampuni ya simu hutoa risiti kwamba meseji imefika kwenye simu, na mifumo mingi huishia hapo. ILSGateway ilimngoja mtu. Ilimuuliza mhudumu kama ripoti ya robo mwaka imekwenda, naye alijibu "nimetuma" au "sijatuma". Ilimuuliza kuhusu shehena, akajibu "nimepokea" au "sijapokea". Risiti ya mtambo haijui kama boksi limebaki gatini Nansio. Asiyejibu kabisa naye alihesabiwa, kwa sababu kimya cha kituo ni habari ambayo mfamasia wa wilaya anaihitaji.

Baadaye mfumo ulihamishiwa CommCare HQ, jukwaa huria la Dimagi, na hapo nyuma ya pazia kukaingia mitambo mizito ya foleni: RabbitMQ ya kugawa kazi na Kafka ya kutunza mfululizo wa mabadiliko. Faida yake ni kwamba seva inayopokea meseji haichakati chochote papo hapo, inaweka kwenye foleni tu. Mitambo hiyo imebadilika sana karibuni. RabbitMQ 4.0 ya 2024 iliondoa foleni za zamani za kunakiliana na kuwaelekeza watumiaji kwenye zile za akidi, ambapo zaidi ya nusu ya seva zilizomo lazima zikubaliane kabla ujumbe haujathibitishwa. Kafka 4.0 ya 2025 iliachana na ZooKeeper, programu ya ziada ya uratibu na mzigo uliokuwa ukiwatesa wasimamizi wenye chumba kimoja cha seva. Kwa ofisi ndogo, hiyo ya pili ndiyo nafuu ya kweli.

Linabaki tatizo moja ambalo foleni haiwezi kulitibu peke yake. Hesabu ya zilizopo inakulinda na nakala lakini haikulindi na mpangilio. Meseji ya Jumatatu iliyokwama kwenye simu isiyo na mtandao ikitoka Jumatano, itafuta hesabu sahihi ya Jumanne. Kafka itaheshimu mpangilio ukitumia namba ya MSD ya kituo kama ufunguo, ila ni mpangilio wa kuwasili kwenye seva. Ucheleweshaji umeshatokea ziwani. Muda wa kituo cha meseji cha kampuni ya simu nao hauoni kilichokwama mfukoni mwa mhudumu. Tiba rahisi ni seva kumrudishia mhudumu kila hesabu iliyoishika. Akisoma "Dp 569" wakati rafuni zimebaki 540, atatuma hmk upya.